UZI: Kesi ya mirathi hukwama wapi, na nini hasa kinafaa kubadilishwa?

1/ Kila msimu wa siasa kuna mtu atapanda jukwaani aahidi kuharakisha mirathi na kupunguza gharama. Watu wanapiga makofi. Mimi naishi Kariobangi, na huku jambo hili linagusa kodi ya nyumba. Mwenye ploti anaaga bila wosia, wapangaji wanaendelea kulipa kila mwezi, na mwenye nguvu kwa familia ndiye anakusanya. Wengine wanangoja korti.

2/ Sheria ni ile ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981. Bila wosia, unaanza na barua ya chifu inayotaja walioachwa na marehemu. Ombi linaenda kortini, linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na watu wanapewa siku 30 kupinga.

3/ Hakuna pingamizi? Korti inatoa barua za usimamizi. Wengi hudhani hapo mambo yameisha. Bado. Huwezi kugawa mali mpaka barua zithibitishwe, na kwa kawaida lazima miezi 6 ipite kwanza. Kwa hivyo hata mkielewana kabisa, hiyo ni zaidi ya miezi 7.

4/ Sasa ile miaka kumi unayosikia inatoka wapi? Mara nyingi ni ile orodha ya chifu. Kifungua mimba anawahi, anaacha nje mama wa pili na watoto wake. Wakigundua, wanaweza kuomba barua zifutwe wakati wowote, hata kama zilishathibitishwa. Mnarudi mwanzo. Ama unapata ploti bado iko kwa jina la babu, kwa hivyo mirathi ya babu inatangulia.

5/ Halafu pesa. Ada ya wakili, hata kwa kesi isiyo na ubishi, hupimwa kwa thamani ya mali. Ploti ya milioni 8 inamfanya mjane aonekane tajiri kwa karatasi, na hana hata nauli ya kwenda korti ya Makadara. Hawezi kuuza ploti alipe wakili, maana kuiuza kabla ya uthibitisho ni marufuku.

6/ Tusiseme hakuna kilichofanyika. Zamani mahakimu walisikiza mirathi isiyozidi shilingi 100,000. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 ilipandisha hadi milioni 20 kwa hakimu mkuu. Ploti nyingi za Eastlands hazina haja ya Mahakama Kuu tena.

7/ Pendekezo linalopendwa jukwaani: futa ile miezi 6. Hapo ngoja kidogo. Huo muda ni wa yule ambaye hajaambiwa, kama mama wa pili aliye ushago. Ukiufuta hivi hivi, umemsaidia aliyewahi kwa chifu. Tena korti tayari inaweza kuupunguza, kama wategemezi wote ni watu wazima na wamekubali.

8/ Mimi ningeanza na tangazo. Nani hapa mtaani husoma Gazeti Rasmi? Libandikwe kwa ofisi ya chifu, huku na nyumbani kwao marehemu, na kila aliyetajwa apate ujumbe kwa simu. Aliyeachwa nje akijua mapema, atapinga mapema, si baada ya miaka mitano ploti ikiwa imeshauzwa. Kisha ada iwekewe kikomo kwa mali ndogo isiyo na ubishi.

9/ Kabla sheria ibadilike, kuna mawili ya kujua. Moja, korti inaweza kutoa kibali cha muda cha kukusanya na kuhifadhi mali tu, ili kodi isiliwe na mtu mmoja. Mbili, pesa za Sacco hulipwa kwa yule uliyemwandika kuwa mteule wako, bila kungoja mirathi. Kama ulijaza ile fomu kabla ya kuoa au kuolewa, kaangalie ni nani ameandikwa.

10/ Kwa hivyo mgombea akikuahidi mirathi ya haraka, muulize maswali matatu. Aliyeachwa nje ya orodha atajuaje? Wakili atalipwa na nini kabla ploti kugawanywa? Na kodi ya miezi hiyo yote, inakaa kwa nani?