Mama Mwenye Mabawa Ndani ya Boriti

Watoto, vitabu vingi vinavyotoka Ulaya huchora nyuki mnene mwenye manyoya, aitwaye Bombus, akiishi na malkia wake ndani ya shimo ardhini. Nyuki huyo hana asili ya Afrika kusini mwa Sahara, kwa hiyo hapa kwetu Mhunze hamtamwona. Mnayemwona ni mwingine: mweusi, mnene, anayevuma kwenye boriti za paa na kuangusha unga wa mbao. Wataalamu humwita Xylocopa, nasi tumwite nyuki seremala. Wakubwa wengi husema anakula nyumba. Si kweli, na ushahidi uko chini ya tundu lake: kama mbao ingekuwa chakula, asingeitupa nje.

Anayetoboa ni jike, na anatafuta pa kulelea. Huchimba kwa taya zake tundu la mviringo, kisha njia ndefu ndani ya mti mkavu. Mwisho wa njia huweka donge la chavua iliyokandwa na maji matamu ya maua, hutaga juu yake yai moja, yai kubwa sana kwa mdudu, halafu huziba chumba kwa unga wa mbao. Hujenga chumba kingine, na kingine. Yai hutoa lava, mfano wa mnyoo mweupe asiye na miguu; lava hula donge lote, hugeuka pupa, na baada ya wiki kadhaa hutoka nyuki kamili.

Mtu atasema: lakini boriti inadhoofika, na nyuki anauma. Boriti ikitobolewa mwaka baada ya mwaka hudhoofika kweli. Dawa yake ni kuipaka rangi, maana jike hupenda mti mkavu usiopakwa kitu, na kumwachia magogo makavu kwenye ngitili, yaani malisho yaliyotengwa. Kuhusu kuuma, dume hana mwiba kabisa, na jike huuma akishikwa au akibanwa. Tena tupime anachotupa. Ua la nyanya au bilinganya huficha chavua ndani ya vifuko vinavyoitoa kwenye ncha tu. Nyuki seremala hulikumbatia ua, hutetemesha misuli ya kifua, na chavua humwagika. Nyuki wa asali hawezi kufanya hivyo. Basi mkiona tundu la mviringo kwenye gogo, msilichokonoe kwa kijiti: ndani wamelala watoto.