Mwalimu wa Sanaa za Ufundi: Anaandaliwaje, na kwa Kazi Gani?

Makada wengi wakisikia kwamba kijana amekwenda kusomea ualimu wa sanaa za ufundi, yaani kuchora, kupaka rangi, kufinyanga, kuchonga, kusuka na kutia nakshi, huuliza: "Atakwenda kufundisha kuchora maua?" Swali hili huulizwa kwa kicheko, lakini ndani yake mna fikra nzito: kwamba kazi ya mkono ni ya mtu ambaye kichwa chake hakikufaulu. Fikra hiyo ni kinyume cha msimamo wetu juu ya kazi. Shabaha ya makala haya ni kueleza mafunzo ya mwalimu huyo, hatua anazopitishwa, na kosa ambalo sisi wenyewe tumelifanya juu yake.

1. Fikra hii ilitoka wapi?

Jamii zetu hazikutenga mkono na kichwa. Mama wa Kikisi, kando ya Ziwa Nyasa, anayefinyanga chungu lazima ajue udongo gani unafaa, ukaushwe muda gani na moto uwe mkali kiasi gani. Hayo yote ni elimu, ingawa haikuandikwa katika daftari. Mchonga milango wa Unguja na mchongaji wa Kimakonde walijifunza vivyo hivyo, kwa kukaa karibu na fundi mkubwa, kutazama na kutenda.

Shule ya kikoloni ilikuja na haja yake. Ilitaka makarani na watumishi, na heshima ilikuwa katika kalamu. Kazi za mikono zilipofundishwa, mara nyingi zilihesabiwa kuwa fungu la wale wasiotazamiwa kuendelea. Hata hivyo, hapana budi tuseme ukweli wote. Ndani ya mfumo huo huo, Margaret Trowell alianzisha masomo ya sanaa Makerere mwaka 1937, naye alipinga wanafunzi wa Kiafrika kunakili picha za Ulaya. Aliwataka wachore maisha yao. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame wa mwaka 1923, alisoma sanaa hapo, akafundisha hapo, akasoma tena London, na baada ya Uhuru wa mwaka 1961 akawa Balozi wetu wa kwanza Uingereza. Picha zake nyingi ni za watu wa kijijini wakifanya kazi kwa pamoja. Mwalimu wa sanaa, basi, si mtu wa kuchekwa.

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipohutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Machi 1967 ikatoka Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka shule na kazi visitenganishwe. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kikajulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa, muziki na elimu ya viungo. Msingi, kwa hiyo, uliwekwa. Kilichobaki nyuma ni fikra zetu.

2. Fundi, msanii na mwalimu

Watu watatu hawa huchanganywa, na kuchanganywa huko ndiko kunakoharibu mipango. Tutumie mfano unaojulikana na wote. Mwaka 1968, Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za madukani juu ya vipande vya mbao nyembamba za viwandani. Vijana wa ukoo wake walikaa naye wakajifunza. Alipofariki mwaka 1972 mtindo haukufa naye. Unaishi mpaka leo na unalisha familia nyingi. Hayo ni mafanikio makubwa ya uanagenzi.

Lakini tuangalie kwa makini. Uanagenzi hurithisha mtindo: mwanafunzi anafanikiwa anapoweza kufanya kama bwana wake. Kazi ya mwalimu darasani ni nyingine. Mbele yake wamekaa watoto arobaini na zaidi, na wengi wao hawatakuwa wasanii. Watakuwa wakulima, wauguzi, mafundi seremala na viongozi. Anachotakiwa kukuza ni uwezo wa kila mmoja wao wa kutazama, kupanga na kutengeneza. Kwa hiyo, kujua kuchora vizuri ni sharti la kuwa mwalimu wa sanaa, lakini halitoshi.

3. Hatua za mafunzo

Hatua ya kwanza ni jicho na mkono. Mwanachuo huanza kwa kuchora vitu vya kawaida: sufuria, kiti, jembe. Hapo hugundua jambo la ajabu. Anajua kwamba mdomo wa sufuria ni duara, lakini akiutazama kwa upande unaonekana bapa, kama umbo la yai. Anayechora duara kamili amechora anachokijua, hakuchora anachokiona. Zoezi hili huchukua majuma mengi, kwa sababu mazoea ni magumu kuyaacha. Kada naye anahitaji somo hili. Ni mara ngapi tumekwenda kijijini tukaandika taarifa ya tulichokitarajia badala ya tulichokikuta?

Hatua ya pili ni malighafi. Shule nyingi hazina rangi za dukani, na mwalimu anayezingojea hatafundisha kamwe. Chuoni anapaswa kujifunza kwamba masizi hutoa weusi, chokaa weupe, udongo mwekundu rangi ya hudhurungi, na bizari rangi ya njano. Kwamba gundi ya mgunga ikiyeyushwa katika maji hushika rangi kwenye karatasi. Kwamba vijiti vikifungwa katika kopo na kuchomwa bila hewa kuingia huwa mkaa wa kuchorea. Na kwamba kipande cha muhogo kikichongwa huwa muhuri wa kupiga chapa kitambaa. Katika ufinyanzi hujifunza kuchanganya udongo na mchanga au vigae vilivyosagwa, na kukausha chombo kivulini polepole. Chombo kikiingia motoni kikiwa na unyevu, maji yaliyo ndani hugeuka mvuke na kukipasua. Huko ndiko kujitegemea kwa vitendo, na ni sayansi pia.

Hatua ya tatu ni kumjua mtoto. Wataalamu, kama Viktor Lowenfeld katika kitabu chake cha mwaka 1947, wameeleza kwamba uchoraji wa mtoto hukua kwa hatua. Akiwa na miaka miwili hukwaruza tu. Karibu na miaka minne huchora mtu mwenye kichwa kikubwa na miguu iliyotoka kichwani. Karibu na miaka saba huweka mstari wa ardhi na kupanga kila kitu juu yake; aweza hata kuchora nyumba na watu waliomo ndani, kana kwamba ukuta ni kioo. Mwalimu asiyejua haya humwambia mtoto "umekosea", kumbe mtoto yuko mahali pake hasa katika safari ya kukua.

Hatua ya nne ni mazoezi ya kufundisha. Hapa mwanachuo hutengeneza azimio la kazi na andalio la somo, huandaa zana, husimama mbele ya darasa, na mkufunzi hukaa nyuma akiandika. Hapa ndipo hatua tatu za mwanzo hupimwa.

4. Kosa letu

Sasa tujisahihishe. Wakati mmoja, sherehe ya Chama ilipokaribia, sisi tuliokuwa katika kamati ya maandalizi tuliomba chuo kimoja cha ualimu kitupatie wanachuo wa sanaa watusaidie kuandika mabango. Tulipewa. Siku tatu tulizoziomba zikawa majuma matatu, na hayo yalikuwa majuma ya kujiandaa kwa mazoezi ya kufundisha. Mabango yalipendeza. Sote tulisifiwa.

Baadaye tulialikwa kukaa nyuma ya darasa la mmoja wa vijana wale. Alichora ng'ombe ubaoni, ng'ombe mzuri sana, kisha akasema: "Haya, chorani kama huyu." Watoto wakachora. Msichana mmoja alikuwa amechora ng'ombe mwenye ndama tumboni. Kijana alifuta ndama kwa kifutio, akampa tano kwa kumi. Tulipomwuliza kwa nini, alijibu kwa adabu: "Ndugu wakufunzi, ndama haonekani kwa nje."

Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa jicho la mchoraji na kosa kwa mwalimu. Mtoto yule, mfugaji mwana wa mfugaji, alijua kwamba ng'ombe wao ana mimba. Aliweka katika picha elimu aliyokuja nayo kutoka zizini. Kijana hakuwa mzembe. Mhadhara juu ya hatua za mtoto ulitolewa wakati yeye yuko juu ya ngazi, anapaka herufi zetu. Tulimtumia kama mwandishi wa mabango, akatoka chuoni akiwa hivyo. Sisi tuliokuwa tukihubiri heshima ya kazi ndio tuliomnyima nafasi ya kuijua kazi yake.

5. Kazi iliyo mbele

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeipa elimu ya amali nafasi kubwa, na mtaala mpya wa shule za msingi una somo la Sanaa na Michezo. Ni hatua njema. Lakini somo lililoandikwa katika mtaala bila mwalimu aliyeandaliwa litakuwa kipindi cha kunakili ng'ombe ubaoni.

Kwa hiyo makada wa wilaya na kata wana wajibu wa namna tatu. Kwanza, wasiwatoe wanachuo wa sanaa katika masomo kwa ajili ya mapambo. Sherehe ikihitaji mabango, wako mafundi wa kuajiriwa, nao walipwe haki yao. Pili, waunganishe vyuo na wafinyanzi, wasusi na wachongaji wa mahali, ili mwanachuo ajifunze kwa fundi na fundi atambuliwe kuwa mwalimu. Tatu, wanapokagua shule, waombe kuona daftari za picha kama wanavyoomba za hesabu. Wakikuta picha arobaini zinazofanana, wajue kwamba mtu mmoja tu amefikiri katika darasa hilo.

Tulirudi kwa kijana yule, tukamweleza kosa lake, na kosa letu. Kipindi kilichofuata hakuchora kitu ubaoni. Aliwaambia watoto wachore kazi inayofanyika kwao alfajiri. Yule msichana alichora tena ng'ombe wake. Safari hii ndama alikuwa amekwisha zaliwa.