Upumuaji wakati wa kukimbia

Upumuaji wakati wa kukimbia ni jinsi mwili unavyoongeza kasi na kina cha pumzi ili misuli ipate oksijeni ya kutosha na dioksidi kabonia itolewe.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kila pumzi ikiwa na takriban nusu lita ya hewa. Akikimbia, kiwambo na misuli ya mbavu hufanya kazi kwa nguvu zaidi.

Wengi hudhani mkimbiaji huhema kwa kuwa damu yake imepungukiwa na oksijeni. Kwa kawaida sivyo: kwa mtu mwenye afya, oksijeni katika ateri haibadiliki sana. Pumzi huongezeka mara anapoanza kukimbia, kutokana na taarifa za ubongo wenyewe na za misuli na viungo vinavyosogea. Kisha ubongo huirekebisha hasa kwa kufuata kiasi cha dioksidi kabonia katika damu.

Anayeweza kuzungumza huku akikimbia hajazidisha kasi. Anayesikia maumivu ya kifua, au mlio kama filimbi anapopumua, anapaswa kusimama na kumwona daktari.