Je, Wajua? Mistari ya Game Boy Haitoki Kwenye Kioo

Ukiwasha Game Boy ya zamani, ile ya kijivu yenye vitufe viwili vya rangi ya damu ya mzee, si ajabu ukute picha imechanikachanika. Mistari myembamba mitupu imesimama wima kutoka juu hadi chini, na Mario akipita hapo anakosa pua au mguu. Mwenye nayo husema kioo kimekufa, na mnunuzi wa mitumba hushusha bei papo hapo. Mara nyingi wote wawili wamekosea. Kioo ni kizima. Kilicholegea ni mahali kinaposhikana na umeme.

Mashine hii ilianza kuuzwa Japani tarehe 21 Aprili 1989 kwa yeni 12,500, ikaingia Marekani mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Gunpei Yokoi wa Nintendo, aliyesimamia kazi hiyo, alikuwa na msimamo wake: usikimbilie teknolojia mpya, chukua iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha uitafutie matumizi ambayo hakuna aliyeyawazia. Ndiyo maana Game Boy haina rangi wala taa nyuma ya skrini. Ina vivuli vinne tu vya kijani kilichofifia, na ukitaka kucheza ni lazima ukae penye mwanga. Game Gear ya Sega ilikuja na rangi na taa, lakini ilimaliza betri sita kwa saa tatu hadi tano. Game Boy ilikwenda zaidi ya saa kumi kwa betri nne. Anayenunuliwa betri na mzazi wake hahitaji kuelezwa zaidi. Ikihesabiwa pamoja na mdogo wake, Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118, na mwaka 1993 mwanaanga wa Urusi Aleksandr Serebrov alipanda na yake hadi kituo cha anga cha Mir, ikiwa na kaseti ya Tetris.

Sasa tuingie ndani ya skrini yenyewe, maana ugonjwa hauwezi kueleweka bila kujua mwili ulivyo. Ni vipande viwili vya kioo vilivyobana katikati yake utando wa fuwele kimiminika, vitu ambavyo mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, aliviona kwa mara ya kwanza mwaka 1888 akichunguza kemikali iliyotokana na karoti. Fuwele hizi hupindisha mwanga zikiwa zimetulia, na zikipigwa umeme hubadili mpangilio. Juu na chini ya kioo kuna karatasi laini za plastiki, polaraiza, zinazoruhusu mwanga wa mwelekeo mmoja tu kupita. Fuwele zikigeuka, mwanga unazuiwa, nasi tunaona nukta nyeusi.

Skrini ya Game Boy ina safu 160 za wima na 144 za mlalo, yaani nukta 23,040. Hakuna mtu ambaye angepeleka waya kwa kila nukta. Badala yake, kioo kimoja kimepakwa vipande 160 vya njia za umeme zisizoonekana kwa macho, zikisimama wima, na kingine kimepakwa 144 zilizolala. Zinakatizana kama miyaa ya mkeka. Nukta hutokea pale njia mbili zinapokutana. Kwa hiyo njia 304 tu zinatosha kuendesha skrini nzima, na hapo ndipo panapotoka mistari: njia moja ikikatika, haipotei nukta moja bali safu yote.

Mistari hiyo basi inasomeka. Ikisimama wima, tatizo liko kwenye utepe wa chini ya skrini. Ikilala, tatizo liko kwenye utepe wa ubavuni. Kioo hakikubali kulehemiwa kwa risasi kama bodi, hivyo utepe hubandikwa juu yake kwa gundi ya moto yenye chembe zinazopitisha umeme. Kila njia ina upana usiofika theluthi moja ya milimita. Plastiki, kioo na bodi hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, jua na baridi vikipokezana kwa miaka zaidi ya thelathini, na gundi inaanza kuachia kidogokidogo.

Saa ya Casio F-91W, iliyotoka mwaka huohuo wa 1989 na ambayo fundi saa yeyote wa mitaa yetu ameshaifungua, haina shida hii. Skrini yake hukalia kipande cha mpira chenye mistari inayopitisha umeme. Kikichafuka, kinafutwa kwa spiriti na kurudishwa.

Game Boy inataka joto. Ondoa kaseti na betri, kisha fungua skrubu sita za nyuma, mbili zikiwa zimejificha ndani ya chumba cha betri. Vichwa vyake vina mikato mitatu, kwa hiyo tafuta bisibisi yake. Ukilazimisha ya bapa utaviharibu. Nusu mbili za mashine zimeunganishwa na waya bapa, vuta taratibu na kwa unyoofu. Fungua bodi ya mbele, inua skrini kwa uangalifu, na chini yake utaona utepe uliofunikwa na kipande cha mpira au sponji.

Kabla ya kugusa chochote, rudisha waya na betri, washa, kisha zungusha gurudumu la ubavu wa kushoto mpaka skrini yote iwe nyeusi. Mistari iliyokufa itajionyesha yenyewe ikiwa myeupe. Bonyeza utepe kwa kidole usawa na mstari mmojawapo. Ukijaa weusi, kisha ukawa mweupe tena ukiachia, furahi, maana umeshajua dawa.

Chuma cha kulehemu kiwe kwenye joto la chini. Kipitishe juu ya utepe polepole, kikigusa tu bila kukandamiza, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mafundi wengi huiacha mashine ikiwaka ili waone. Na kweli huonekana: mstari unaanza kumemeteka, unafifia, kisha unajaa weusi na kutulia. Ukisimama mahali pamoja, plastiki itajikunja, na hapo umeua safu kumi ili kuokoa mbili.

Utepe wa ubavuni ni habari nyingine. Ni dhaifu zaidi na hausamehe joto. Mistari ya mlalo ikiwa miwili mitatu, mimi ningeiacha.

Doa jeusi au la zambarau katikati ya skrini, bila mstari wowote, ni polaraiza iliyoungua kwa jua. Hubanduliwa na kubandikwa mpya, na ukiiweka kwa kuigeuza nyuzi 90 picha itakuja kinyume, nyeusi kuwa nyeupe. Wino mweusi unaotambaa kutoka kwenye ufa ndio mwisho wa kioo.

Siku hizi zinauzwa skrini mpya zenye taa, za kuchomeka tu. Ni nzuri, ila zinakula betri, na kuitupa skrini nzima kwa sababu ya gundi iliyoachia naona ni uharibifu.

Mstari ukirudi baada ya miezi, pasha tena. Gundi ni ileile ya zamani. Unapoifunga mashine, jihadhari na skrubu tu, kwa kuwa zinaingia kwenye plastiki tupu. Zizungushe kwanza kinyume mpaka uzisikie zimedondokea kwenye njia zake za awali, ndipo ukaze.