Je, Wajua? Betri ya volti 1.2 yaweza kuishinda ya 1.5

Betri ya alkali saizi ya AA huanza na volti 1.5, ya kuchaji aina ya NiMH ina 1.2 tu. Katika kitambua metali chenye betri nane, hizo ni volti 12 dhidi ya 9.6.

Lakini nguvu ya alkali hushuka taratibu tangu mwanzo wa kazi, ilhali NiMH hushikilia yake karibu hadi mwisho, kisha huzima ghafla. Ndiyo maana mtafutaji makini wa metali hubeba seti ya akiba.

Mwaka 2005, Sanyo ya Japani ilileta Eneloop, betri ya NiMH isiyopoteza chaji haraka ikikaa kabatini.

Unga mweupe kwenye ncha za betri ni kemikali ya potasiamu iliyovuja, nayo hula vyuma vya kifaa. Usichanganye betri kuukuu na mpya, na uzitoe zote kabla ya kukiweka kifaa stoo.