Hesabu Miti Iliyo Hai

Ndugu mkulima, ulipopewa shamba lako katika settlement, huenda ulikuta mti mkubwa umesimama katikati, ukaona heri uangushwe upate nafasi ya mahindi. Kabla hujashika shoka, soma habari za Profesa Wangari Maathai.

Alizaliwa mwaka 1940 huko Ihithe, Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mugumo, na karibu na mugumo chemchemi. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mti ule, kwani ulikuwa mti wa Mungu.

Msichana huyo alikwenda Marekani kusoma elimu ya viumbe, akarudi. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi alifundisha juu ya maumbile ya miili ya wanyama. Hukohuko alidai kwamba walimu wanawake wapewe haki zilezile za kazi walizopewa wanaume.

Lakini alipofika nyumbani aliukuta mugumo umekatwa. Mwenye shamba mpya alitaka nafasi ya kupanda chai. Chemchemi nayo ilikuwa imekauka. Ndipo alipofahamu maana ya katazo la wazee. Mizizi ya mugumo hushuka chini sana, hupenya miamba na kuyafungulia maji njia. Wazee hawakuwa na shahada, lakini mila yao ililinda maji ya watu wote, mwenye shamba na asiye na shamba.

Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini walikuwa wamelalamika kwamba kuni ziko mbali, maji ni haba, na chakula hakitoshi. Aliwaambia wapande miti. Waliokota mbegu porini, wakaotesha miche katika makopo na vyungu vilivyovunjika. Kila mwanamke alilipwa fedha kidogo kwa mche ulioshika na kuishi. Mche uliokufa haukulipiwa. Kwa hiyo kila mmoja alirudi kutazama, kupalilia na kumwagilia.

Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti zaidi ya milioni 30 ilikuwa imepandwa. Alifariki mwaka 2011, naye alikuwa ameagiza asizikwe katika jeneza la mbao.

Basi, ndugu, yafanye haya. Usilime mpaka ukingoni mwa mto. Usipande mikaratusi karibu na chemchemi, maana hunywa maji mengi. Waulize wazee ni miti gani ya asili iliyokuwa ikiachwa penye maji, nawe upande hiyo. Kisha mvua zikiisha, usituambie ulipanda miche mingapi. Tembea shambani pamoja na mama watoto, mhesabu iliyo hai.