Saratani ya Mtu Mwingine

Slaidi inaonyesha saratani, ilhali mgonjwa hana saratani. Aliyechungulia hadubini hakukosea. Seli alizoziona ni za saratani kweli, ila ni za mtu mwingine.

Kinyama kinachofika maabara ya patholojia, iwe ya hospitali ya Bugando jijini Mwanza au kwingineko, hupita mikono mingi. Hulowekwa kwenye formalini, hukatwakatwa mezani, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa kwa mashine kuwa utando mwembamba wa mikroni 3 hadi 4. Utando huo huwekwa juu ya maji ya vuguvugu unyooke, ndipo uopolewe kwa kioo. Hapo ndipo penye hatari: chembe ya mgonjwa aliyetangulia ikibaki ikielea, kioo cha anayefuata huizoa. Kisu au koleo lisilofutwa lina madhara yaleyale. Uchunguzi wa maabara 275 uliochapishwa mwaka 1996, nyingi zikiwa za Marekani, ulikuta nyama ngeni katika asilimia 0.6 ya slaidi za kazi ya kila siku, na asilimia 2.9 slaidi za zamani zilipopitiwa upya.

Kando ya Ziwa Victoria kuna mtego mwingine. Mayai ya kichocho cha tumbo, kilichoenea visiwani kama Ukerewe, hutoka na kinyesi na yana mwiba ubavuni. Ya kichocho cha kibofu hutoka na mkojo, na mwiba wake uko nchani. Mwiba wa ubavuni ukionekana kwenye mkojo, mtaalamu makini huuliza kwanza kama kinyesi kiliingia kikoponi. Dawa ya vyote viwili ni prazikwanteli, kwa hiyo mgonjwa hapotezi sana. Kinachopotoka ni takwimu za ugonjwa. Kifua kikuu hakina nafuu hiyo. Maji ya bomba huweza kubeba bakteria jamaa zake, wanaoshika rangi nyekundu ileile kwenye slaidi ya makohozi, na mtu akameza dawa miezi sita bure.

Kinga ya haya yote ni nidhamu: kisu kifutwe, maji yabadilishwe, ya kupaka rangi yachujwe. Majibu yasipolingana na hali ya mgonjwa, daktari aagize nta ikatwe upya. Kilichozolewa majini hakitajirudia. Nawe, kabla ya kukubali upasuaji mkubwa, omba slaidi yako isomwe mara ya pili.